Namna ya kufanya kampeni ya maji salama kwa jamii za asili za Kanada: mwongozo kwa anayeanza

Kila ninapogusia maji ya Mataifa ya Kwanza ya Kanada, yaani sehemu kubwa ya watu wa asili wa nchi hii, maswali yanarudi yaleyale. Nitume katoni za maji? Nimwandikie nani? Mimi ni mgeni hapa, sina hata uraia, nitasema kama nani? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe, na mlangoni baada ya ibada. Sasa nayaweka yote mahali pamoja ili ukitaka kuanza leo, uanze.

Kama hujui tunazungumzia nini, chukua jamii moja tu: Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, mahali ambapo kwa sehemu kubwa ya mwaka unafika kwa ndege tu. Tangazo la kuchemsha maji lilitolewa huko tarehe 1 Februari 1995. Miaka 30 baadaye, mwezi kama huo wa 2025, lilikuwa bado halijaondolewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshakuwa mzazi, na hajawahi kunywa maji ya bomba la kwao bila kuyachemsha.

Mara ya kwanza kukaribishwa jikoni kwa mama mmoja katika jamii yenye tangazo kama hilo, nilikuta sufuria kubwa ya maji imeshachemka, imefunikwa, inapoa. Juu ya bomba la sinki palibandikwa karatasi ya onyo iliyofifia hadi herufi hazisomeki. Haikuwa na haja ya kusomeka. Mjukuu wake alipopiga mswaki alisukutua kwa kikombe cha maji ya chupa, maji yaliyobaki akayafunika kwa kisosi yawe ya jioni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ndivyo alivyokua.

Nakuomba ulishike hili moja kabla ya mengine yote: kampeni inayofika mahali ni ile inayoshikilia jamii moja, kwa ombi moja, chini ya uongozi wa wenyeji wenyewe, na isiyoondoka mpaka bomba litoe maji ya kunywa. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watatu, pamoja na wewe. Mmoja akiugua au akihama, kazi isife.
- Saa mbili kila wiki kwa muda usiopungua miezi sita. Kama huna, jiunge na kikundi ambacho tayari kinafanya kazi.
- Mtu anayeandika Kiingereza au Kifaransa vizuri. Fikirini kwa Kiswahili mkitaka, ila barua za serikali zitakwenda kwa lugha hizo mbili.
- Daftari moja la kumbukumbu: tarehe, mliongea na nani, alisema nini, aliahidi nini. Usitegemee kichwa.
- Dola 5 za ombi la taarifa (utaona hatua ya 4).
- Utayari wa kuambiwa "hapana, asante" na jamii unayotaka kuisaidia.

Uraia hauhitajiki. Mkazi yeyote wa Kanada anaruhusiwa kutia saini petisheni ya Bunge la shirikisho, na hakuna umri wa chini uliowekwa. Mbunge wa eneo unaloishi ni mbunge wako hata kama hukumpigia kura.

Hatua kwa hatua

1. Jifunze aina tatu za matangazo.

Ya kwanza ni tangazo la kuchemsha maji. Hapo wasiwasi ni vijidudu, na maji yakichemka kwa nguvu walau dakika moja yananyweka. Ya pili ni tangazo la kutotumia maji kwa kunywa wala kupikia, kwa sababu kuna kitu ambacho moto hauondoi: urani, zebaki, naitreti. Kuchemsha maji ya namna hiyo ni hatari, kwani mvuke unaondoka na sumu inabaki, tena imekolea zaidi. Ya tatu ni katazo la kuyatumia kabisa, hata kuoga.

Tangazo likipita mwaka mmoja huitwa la muda mrefu. Ahadi na takwimu nyingi za serikali zinahusu hayo ya muda mrefu peke yake, tena kwenye mifumo ya maji ya umma iliyo ndani ya rizavu, yaani ardhi iliyotengwa kisheria kwa ajili ya Taifa la Kwanza. Nyumba inayotumia kisima chake binafsi haimo kwenye hesabu hiyo. Ukisikia "yamebaki machache", kumbuka wasiohesabiwa.

*Onyo:* usiwaambie watu kwenye mkutano "wachemshe tu" kabla hujajua ni tangazo gani. Nimewahi kusikia hilo likisemwa kwa nia njema kabisa kuhusu maji yenye madini.

2. Chagua jamii moja na usome habari zake.

Kanada ina Mataifa ya Kwanza zaidi ya 630, na matatizo yao hayafanani. Tazama mifano mitatu.

Shoal Lake 40 ipo mpakani mwa Manitoba na Ontario. Tangu 1919 jiji la Winnipeg limekunywa maji ya ziwa hilo kupitia mfereji uliojengwa kwenye ardhi ya jamii hiyo na kuwaacha kama watu wa kisiwani. Wao wenyewe waliishi chini ya tangazo la kuchemsha maji kuanzia 1997 hadi Septemba 2021.

Grassy Narrows, kaskazini-magharibi mwa Ontario, ina jeraha la aina nyingine. Kati ya 1962 na 1970 kiwanda cha karatasi kilichokuwa Dryden, upande wa juu wa mto, kilimwaga majini tani zipatazo 9 za zebaki. Zebaki ikaingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa watu. Huko chujio la jikoni haliponyi kitu. Wanachodai ni mto usafishwe na wagonjwa watunzwe.

Six Nations ya Grand River, kusini mwa Ontario, ina mtambo wa kisasa. Lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya mtambo huo, kwa hiyo watu wanaendelea na visima, matangi na maji ya kununua.

Mahali pamoja palihitaji barabara na mtambo, pengine mto, pengine mabomba. Ukiandika "wapeni maji safi" kwa zote tatu, hujaisaidia hata moja.

3. Omba idhini kwa wenyewe.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mtu anaguswa na habari, anafungua mchango usiku huohuo, anabandika picha za watoto wenye vipele, na kesho yake chifu anapigiwa simu na waandishi kuhusu kampeni ambayo hajawahi kuisikia. Jamii hizi zimezungumziwa na wengine kwa zaidi ya karne moja. Usiwe wa kuongeza.

Piga simu ofisi ya baraza la jamii. Jitambulishe kwa kifupi: jina, unaishi wapi, mko wangapi, kwa nini mmeamua. Uliza maswali matatu, kisha nyamaza usikilize:

- Je, tayari mna kampeni au madai ambayo tunaweza kuyaunga mkono?
- Kuna jambo gani mngependa lisemwe, na lipi lisisemwe?
- Tuwasiliane na nani, na kwa njia gani?

Huenda usijibiwe kwa wiki kadhaa. Ofisi hizo huwa na watu wachache wanaoshughulikia nyumba, shule, misiba na moto wa msituni kwa wakati mmoja. Kama jamii imeshatoa taarifa ya hadharani kuhusu madai yake, unaweza kuunga mkono madai hayo kama yalivyoandikwa huku ukisubiri. Usiongeze lako.

Ukialikwa kufika, uliza utaratibu wa kuwasalimu wazee. Miongoni mwa Waanishinaabe, watu wa asili wa eneo la Maziwa Makuu, kwa mfano, unapomwomba mzee maarifa au maombi ni kawaida kumpa tumbaku, na wanawake ndio wanaobeba wajibu wa kuyalinda maji. Ndiyo maana mwaka 2003 bibi Josephine Mandamin alianza kutembea kulizunguka Ziwa Superior akiwa na ndoo ya shaba yenye maji, na wengine wakamfuata kwa miaka. Baada ya kufariki kwake 2019, Autumn Peltier wa jamii ya Wiikwemkoong, akiwa bado binti mdogo, alichukua nafasi yake ya Kamishna Mkuu wa Maji wa Anishinabek Nation, umoja wa baadhi ya Mataifa ya Kwanza ya Ontario. Ukikaribishwa kwenye matembezi ya maji, hiyo ni ibada kabla ya kuwa maandamano. Weka simu mfukoni hadi uambiwe picha zinaruhusiwa.

*Onyo:* vipimo vya maji, picha na simulizi ni mali ya jamii. Hata ukipewa nakala, uliza kabla ya kusambaza.

4. Pata ukweli wa mtambo, si wa magazeti tu.

Mnahitaji kujua kinachozuia maji. Mtambo ni mdogo kuliko idadi ya watu? Hakuna fundi mwenye cheti? Chanzo kimechafuka? Boza linalojaza matangi ya majumbani halitoshi, au matangi yenyewe yana nyufa? Fundi wa mtambo, akikubali kuongea, atakueleza kwa dakika kumi kitu ambacho ripoti nzima haikielezi.

Anza na orodha ya matangazo ya muda mrefu inayotolewa na Idara ya Huduma kwa Watu wa Asili ya serikali ya shirikisho, ambayo inaonyesha kila jamii imefikia wapi. Kwa British Columbia, tazama Mamlaka ya Afya ya Mataifa ya Kwanza ya mkoa huo. Kisha soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya Februari 2021 kuhusu maji. Humo utakuta kwamba kanuni ya kugawa fedha za uendeshaji ilikuwa haijafanyiwa marekebisho kwa miaka 30, na kwamba mishahara ya mafundi wa mitambo kwenye jamii hizi ilikuwa chini ya ya wenzao kwa takriban asilimia 30. Mtambo wa mamilioni unaweza kusimama kwa sababu fundi amepata kazi mji wa jirani.

Kama jambo halipo hadharani, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa. Ombi moja ni dola 5, na yeyote aliyepo Kanada anaruhusiwa kulituma. Idara ina siku 30 za kujibu, ingawa huongeza muda mara kwa mara. Liandike kwa ufinyu: nyaraka za aina gani, jamii ipi, kuanzia tarehe gani hadi ipi. Ukiomba "kila kitu kuhusu maji" utasubiri sana. Na kwa sababu ya lile onyo la hatua ya 3, liambie baraza kabla ya kutuma.

5. Andika ombi moja.

Hapa kaeni mezani mkae kweli. Ombi zuri lina mambo manne: jamii gani, kitu gani, nani mwenye mamlaka ya kukitoa, na lini. Likipungua moja, waziri atajibu kwa huruma na hakuna kitakachobadilika.

Rudi kwa Shoal Lake 40. Tatizo lilikuwa maji, lakini bila barabara ya mwaka mzima, kupeleka saruji na mitambo huko kuligharimu kupita kiasi. Kwa hiyo jamii ilidai barabara. Ikaiita Barabara ya Uhuru, ikawaleta watu kuona kwa macho yao, na wakazi wa Winnipeg, wale wanaokunywa maji ya ziwa hilo kila asubuhi, wakaanza kusema na wao kwamba hili halikubaliki. Barabara ilifunguliwa 2019. Miaka miwili baadaye mtambo wa maji ukawashwa. Ningependa kila anayeanza kampeni ajifunze kutoka hapo: wenyeji ndio walijua kwamba njia ya kufikia maji inapitia barabarani. Mtu wa nje angeendelea kuomba vichujio.

Linganisha maombi haya mawili:

"Serikali ihakikishe watu wote wa asili wanapata maji safi."

"Waziri aidhinishe, kabla ya bajeti ijayo, fedha za kuunganisha nyumba zilizobaki za jamii hii na mtambo uliokwishajengwa, kama baraza lilivyoomba kwa barua yake ya tarehe fulani."

La kwanza hakuna wa kulikataa, ndiyo maana halina nguvu. La pili linamlazimu mtu mwenye cheo aseme ndiyo au hapana.

6. Jua mlango wa kubisha.

Barua yangu ya kwanza niliituma serikali ya mkoa. Baada ya majuma saba nikapata aya mbili: suala hili halimo kwenye mamlaka yetu. Majuma saba yamepotea, na jamii ile ilikuwa inahesabu siku. Usirudie kosa hilo.

Maji ya kwenye rizavu ni jukumu la serikali ya shirikisho pamoja na baraza la jamii. Sheria za maji za mikoa kwa kawaida hazifiki huko. Ontario ilipitisha sheria kali ya maji ya kunywa mwaka 2002, baada ya maji yenye bakteria wa E. coli kuua watu 7 katika mji wa Walkerton mwaka 2000. Lakini Oktoba 2005 wakazi wa Kashechewan, mkoa huohuo, walihamishwa kwa ndege kwa sababu ya E. coli kwenye maji yao. Sheria ile haikuwahusu.

Sheria ya shirikisho ya maji ya Mataifa ya Kwanza ilianza kutumika 2013. Mataifa yenyewe yaliilalamikia kwa kuwatwika wajibu bila fedha, ikafutwa 2022. Mswada mpya, C-61, uliwasilishwa Desemba 2023 na ukafa Januari 2025 Bunge lilipositishwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza mbunge yeyote ni hili: sheria mbadala iko wapi, na je, ina fedha ndani yake?

Kwa ufupi: barua inakwenda kwa mbunge wako wa shirikisho, nakala kwa Waziri wa Huduma kwa Watu wa Asili, na nakala kwa baraza la jamii. Jamii za Inuit, watu wa asili wa kaskazini kabisa, na zilizo nje ya rizavu zina mipango tofauti. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut ambako mafuta yaligunduliwa kwenye maji Oktoba 2021, mfumo ni wa manispaa. Ulizeni kabla.

7. Tuma barua.

Ukurasa mmoja. Barua ya posta kwa mbunge, ikielekezwa Bungeni Ottawa, haihitaji stempu. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Mheshimiwa, naishi katika jimbo lako la uchaguzi. Jamii ya (jina) imekuwa chini ya tangazo la kuchemsha maji tangu (tarehe). Baraza lake limeeleza kuwa kinachozuia ni (jambo moja). Naomba umwulize Waziri maswali mawili: je, fedha za kazi hiyo zimeidhinishwa, na kama zimeidhinishwa, kazi itaanza tarehe gani? Kama hazijaidhinishwa, nini kinazuia? Naomba jibu la maandishi. Nitapiga simu ofisini kwako baada ya wiki tatu."

Kisha upige kweli baada ya wiki tatu. Barua kumi zilizoandikwa na watu kumi kwa maneno yao zinasomwa kuliko mia zenye maneno yaleyale.

8. Andaa petisheni.

Ziko mbili. Ya karatasi inahitaji saini 25 halali. Ya mtandaoni ya Bunge inahitaji watu watano wa kuiunga mkono mwanzoni, mbunge wa kuidhamini, kisha saini 500 ndani ya muda mtakaouchagua, kati ya siku 30 na 120. Ikishawasilishwa Bungeni, serikali ina siku 45 za kujibu.

Kwa kikundi kidogo napendekeza karatasi. Saini 25 unazipata Jumapili moja au baada ya sala ya Ijumaa, na kila anayesaini unamweleza uso kwa uso. Ila mpe mbunge au ofisi yake rasimu kwanza, kwa sababu maneno yasipofuata utaratibu petisheni hukataliwa. Kila mtu asaini mwenyewe na aandike anwani yake. Mume asimsainie mke.

*Onyo:* petisheni za tovuti binafsi hazilazimishi jibu la serikali. Zinafaa kukusanya watu, basi.

9. Kutana na mbunge.

Omba miadi kwenye ofisi ya jimboni wakati Bunge liko likizo. Nendeni watatu: wa kueleza, wa kuuliza, wa kuandika. Dakika ishirini zinatosha. Kama mtu wa jamii husika anaweza kuja au kuunganishwa kwa simu, yeye ndiye aongee, ninyi mkae pembeni. Msitoke bila kuuliza: "Utafanya nini, na lini tukupigie?" Jibu liandikwe daftarini mbele yake.

Kama kikundi chenu ni shirika la hisani lililosajiliwa, kanisa au msikiti, mnaruhusiwa kudai sera. Hamruhusiwi kumpigia debe mgombea au chama. Wakati wa uchaguzi ulizeni wagombea wote swali lilelile, na mchapishe majibu yote.

10. Semeni hadharani, kwa takwimu zenye tarehe.

Idadi ya matangazo inabadilika kila mwezi. Novemba 2015, serikali ya Justin Trudeau ilipoingia, ya muda mrefu yalikuwa 105. Iliahidi kuyamaliza yote ya muda mrefu kufikia Machi 2021, haikuweza. Tangu 2015 zaidi ya 140 yameondolewa, lakini mengine mapya yaliongezeka njiani, na mwanzoni mwa 2025 yalikuwa yamebaki thelathini na kitu. Ukisema "yamebaki mia" leo, msemaji wa serikali atakusahihisha, na watu watakumbuka kosa lako badala ya maji. Andika tarehe pembeni mwa kila namba.

Pia usifiche yaliyofanikiwa. Mataifa matatu, Curve Lake, Neskantaga na Tataskweyak, yaliishtaki serikali, na tarehe 22 Desemba 2021 mahakama iliidhinisha makubaliano ya dola bilioni 8: bilioni 1.5 za fidia, na zisizopungua bilioni 6 za miundombinu. Hawa si watu wa kuonewa huruma tu. Wameipeleka serikali mahakamani hadi ikakubali kulipa.

11. Msiondoke tangazo likiondolewa.

Siku ya kuondoa tangazo kuna hotuba, keki na picha. Mwaka mmoja baadaye pampu inaharibika. Ulizeni baraza kama wangependa muendelee kufuatilia fedha za uendeshaji, mishahara ya mafundi na mafunzo ya vijana wao. Shirika la Water First, kwa mfano, linashirikiana na jamii kuwafundisha vijana wa asili kuendesha mitambo ya maji. Kazi hiyo haipigwi picha sana, lakini ndiyo inayoyaweka maji bombani.

Mkikwama

*Jamii haijibu.* Subirini wiki tatu, pigeni tena mara moja. Kimya kikiendelea, ungeni mkono madai waliyokwishatoa hadharani, au ulizeni baraza la kikanda linalowaunganisha na jamii jirani. Msilichukulie kimya kama ruhusa.

*Jamii imekataa.* Shukuruni na muache. Bado mnaweza kudai mambo ya jumla, kama sheria mbadala, ambayo hayataji jina la mtu.

*Mbunge ametuma barua ya shukrani isiyojibu swali.* Jibuni siku hiyohiyo kwa sentensi mbili, mkirudia swali lilelile na tarehe ya barua ya kwanza. Endeleeni hivyo. Ofisi nyingi hujibu kitu cha maana mara ya tatu.

*Watu wanataka kutuma maji ya chupa.* Wakati wa dharura jamii inaweza kuyahitaji. Neskantaga ilipohamishwa Oktoba 2020 baada ya mafuta kuonekana kwenye hifadhi ya maji, mahitaji yalikuwa mengi na ya haraka. Lakini ulizeni kwanza. Shehena isiyoombwa inahitaji ndege, ghala, na mtu wa kuyatupa makopo mahali pasipo na jaa la kutosha. Mara nyingi fedha taslimu kwa mfuko ulioteuliwa na baraza zinafaa zaidi.

*Mtu anasema, "Kwa nini wasihame?"* Mjibu kwa utulivu kwamba pale ni kwao, na kwamba wengi wao waliwekwa kwenye ardhi hiyo na serikali ileile inayotakiwa kuleta maji. Mweleze habari za Winnipeg na Shoal Lake. Kisha endelea na aliye nyuma yake.

*Mnabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu ombi.* Rudini kwenye daftari, msome baraza lilisema nini. Hilo ndilo ombi.

*Mmechoka.* Gawaneni zamu za mwezi mmoja mmoja. Mwenye zamu hupiga simu moja kwa baraza na moja kwa ofisi ya mbunge, anaandika majibu na kumkabidhi daftari anayefuata.